Kijiti cha Kupimia Sumukuvu, na Mahindi ya Dago



Katika mkutano mkuu uliopita liliulizwa suali ambalo halikupata jawabu ya kutosha, kwa kuwa adhana ya alasiri ilikuwa karibu. Suali lenyewe lilikuwa hili: Je, ni kweli kuwa kipo kijiti kiwezacho kutambua sumu ndani ya chakula kwa muda wa dakika chache, na kama ni kweli, kwa nini Chama kisikinunue tukapimia karafuu zetu kabla ya kuzipeleka kituoni? Mwanachama mwengine akasimama akasema kuwa fedha za Chama si za kununulia vitu vya kuchezea, na kwamba wazee wetu walikula mahindi ya Bara miaka yote bila ya kuyapima na wakaishi umri mrefu. Wote wawili walipigiwa makofi, jambo ambalo halikuisaidia Kamati kukata shauri.

Kamati basi ikaniamuru nilichungue jambo hili, na kwa kuwa ilinibidi kwenda Bara kutazama mahindi ya wachumaji wetu wa msimu ujao, nikapata nafasi ya kukiona kijiti kwa macho yangu kikifanya kazi. Kama mjuavyo, mahindi ya dago twayanunua Mazingara, wilaya ya Handeni, yakateremshwa kwa lori hadi Tanga, kisha yakavushwa kwa chombo. Mahindi ya masika huvunwa huko Julai na Agosti, wakati ule ule sisi tunapoanza kutengeneza majamvi na kutafuta watu wa kuchuma. Mtu aliye dagoni hana hiari ya chakula. Hula kile tulichomwekea. Kwa hiyo khabari hii si ya kuchezea hata kidogo.

Kwanza tujue sumu yenyewe. Kuna kuvu la rangi ya kijani na manjano liotalo katika mahindi na karanga, khasa zao likipigwa na ukame shambani, likitobolewa na wadudu, au likiwekwa ghalani kabla halijakauka. Kuvu hilo hutoa sumu ambayo wataalamu waiita aflatoksini, na kwa Kiswahili imekwisha pata jina zuri, nalo ni sumukuvu. Sumu hii ilijulikana kwa njia ya ajabu. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda mfupi na hakuna aliyejua sababu, mpaka ilipogunduliwa kuwa chakula chao kilikuwa na mashudu ya karanga yenye kuvu. Sumukuvu haina harufu wala ladha ya kumshitua mlaji, na kuichemsha hakuiondoi. Ugali uliopikwa ukaiva vizuri hubaki na sumu yake. Aliye nayo nyingi huumwa ini, macho humgeuka manjano, tumbo hujaa maji, na huweza kufa. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi haoni kitu, lakini humwongezea khatari ya saratani ya ini, na zaidi kama mtu huyo ana homa ya ini ya aina ya B.

Yule ndugu yetu aliyesema kuwa wazee walikula wasidhurike, namwomba afikirie kuwa mtu anayekufa kwa ini akiwa na miaka 50 hazikwi na karatasi isemayo amekufa kwa mahindi. Na kama ataka vifo vyenye hesabu, basi vipo. Mwaka 2004 huko Kenya, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, waliugua watu 317 na wakafa 125. Mwaka 2016 mambo yakafika kwetu Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara. Waliugua watu 68 na wakafa 20. Wilaya ya Kiteto, ambayo ni katika zilizoguliwa, imepakana na Kilindi, na Kilindi ilikuwa sehemu ya Handeni mpaka mwaka 2002. Sisemi kuwa mahindi ya Mazingara yana sumu. Nasema kuwa hatuna haki ya kudhani kuwa hayana.

Sasa kiasi. Kanuni ya nchi za Afrika ya Mashariki yasema mahindi ya kuliwa na watu yasizidi sehemu 10 za sumukuvu katika sehemu bilioni moja. Hesabu kama hii haiingii kichwani kwa urahisi, basi nimeivunja hivi: ni sawa na gramu moja ya sumu iliyotawanywa katika magunia 1000 ya kilo 100 kila moja. Gramu moja ni kama chumvi ya kubana kwa vidole. Hakuna jicho wala pua ya binaadamu iwezayo kuona kitu kidogo namna hiyo, na ndiyo maana ikabidi watu watafute ala.

Kijiti nilichokiona hakipiti urefu wa kidole. Ndani yake mna utepe mweupe, na utepe huo ndio moyo wa mambo. Umetengenezwa kwa kitu kiitwacho polima. Neno ni geni lakini kitu chenyewe si kigeni. Chukua tasbihi: punje ni nyingi, zote za namna moja, zimeungana katika uzi mmoja. Polima ni tasbihi isiyoonekana, yenye punje maelfu na maelfu. Mpira ni polima, mfuko wa plastiki ni polima, na uzi wa mkonge unaokatwa katika mashamba ya Korogwe nao umejaa polima iitwayo selulosi, ile ile iliyomo katika pamba na katika mti. Selulosi ya pamba ikitiwa tindikali kali hugeuka kitu chengine, ambacho katika karne ya 19 watu walikitumia kama baruti, na baadaye wakatengenezea picha za sinema. Siku hizi kitu hicho hicho ndicho kinachotandazwa kikawa utepe mwembamba wenye vitundu, unaofyonza maji na kuyapandisha polepole kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Nimestaajabu sana kuwa kilichokuwa cha kulipulia watu leo ni cha kuwaepusha na sumu.

Juu ya utepe huo hupigwa mistari miwili isiyoonekana. Chini yake huwekwa kingamwili, yaani vile vitu ambavyo mwili wa mnyama huvifanya kupigana na adui, navyo vimefungwa katika chembe ndogo mno za dhahabu. Ni dhahabu ya kweli, na ikiwa katika udogo ule rangi yake huwa nyekundu. (Handeni yenyewe ina machimbo ya dhahabu, lakini hiyo ya kijiti haitoshi hata kumtamanisha mwizi.) Mstari wa kwanza umetiwa sumukuvu kidogo. Kingamwili zinaposafiri na maji ni kama madau yanayotafuta abiria. Kama njiani hazikukuta sumu, hufika kwenye mstari wa kwanza zikiwa tupu, zikasimama hapo, na mstari ukaonekana mwekundu. Kama zilikwisha pakia sumu kutoka katika unga, hupita bila ya kusimama, na mstari hauonekani. Kwa hiyo, tafadhalini, mstari miwili ni salama na mmoja ni khatari. Ni kinyume cha kile kipimo cha mimba ambacho wengi wanakijua, na nimeambiwa kuwa watu wengi hukosea hapo. Mstari wa pili ni wa kuonyesha tu kuwa kijiti chenyewe ni kizima. Ukikosekana huo, kitupe, kwani hakisemi kitu.

Niliona kikitumiwa katika ghala moja huko Mazingara, na mpimaji alikuwa kijana aliyeletwa na mnunuzi. Alisaga mahindi yakawa unga laini, akapima uzito wake kwa mizani, akaumimina ndani ya chupa pamoja na spiriti iliyochanganywa na maji, akatikisa, akaacha ukae, akachuja, akatia matone katika kichupa, akasimamisha kijiti. (Msishituke kwa spiriti, ni ya kutolea sumu ndani ya unga, na hakuna aonjaye.) Kwa dakika chache jawabu ikatoka. Kuna na kimashine kidogo kinachosoma ukolezi wa rangi na kutoa tarakimu, kwa wasiotaka kutegemea macho.

Mpaka hapo nilikuwa nimeridhika. Lakini nilipomtazama kijana yule akichukua mahindi ya kusaga, roho yangu ilikataa. Alifungua gunia moja lililokuwa karibu na mlango, akatia mkono juu, akachota. Gunia zilizokuwa nyuma hazikuguswa. Sasa fahamuni jambo hili, kwani ndilo kubwa kuliko yote niliyoyaandika: sumukuvu haikukaa sawasawa kama sukari ndani ya chai. Hukaa katika punje chache. Gunia lenye maelfu ya punje njema laweza kuwa na punje kidogo zilizooza, na hizo kidogo zikabeba sumu ya kutosha kulikataza gunia zima. Mkono ukichota upande ambao punje hizo hazipo, kijiti kitasema salama, nacho hakikusema uwongo. Kimesema khabari ya kile kiganja cha unga kilicholetewa, basi. Dawa yake si mashine ya bei kubwa zaidi. Dawa yake ni bambo, lile la kuchomea magunia ambalo kila karani wa ghala alijua. Lichomwe juu, kati na chini, katika magunia mengi na si moja, mahindi yote yakusanywe, yachanganywe vizuri, yagawanywe, na sehemu yake isagwe yote. Kazi hii yachosha na haina fakhari ya kupigwa picha, lakini bila ya hiyo kijiti ni hirizi.

Jambo la pili nililolikuta Mazingara halikuwamo katika suali la mkutano. Mzee mmoja wa Kizigua, mwenye ghala dogo nyuma ya nyumba yake, aliniuliza: "Mwanangu, hayo mkiyakataa, unafikiri yanakwenda wapi?" Nikamwambia, "Niambie wewe, mzee wangu." Akasema, "Lori likiondoka mimi nabaki nayo. Nikikosa wa kuyanunua kwa bei ndogo, wajukuu watayala." Sikuwa na la kumjibu. Sisi karafuu zikirudishwa kituoni kwa ubichi, twazianika tena, na hakuna mtoto atakayezifanya chakula cha usiku. Mahindi si hivyo. Kipimo kinachomkinga mnunuzi pekee huisukuma sumu kwa maskini zaidi. Hata mambo ya nchi na nchi yalikuwa hivyo: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, na baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti ya cheti. Mahindi yaliyokwama mpakani katika siku hizo yalikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na matumbo.

Kwa hiyo maoni yangu, ambayo Kamati imeniruhusu kuyaeleza, ni kuwa tusiende Mazingara na kijiti peke yake. Twende mapema, wakati wa kuvuna, na tuwakopeshe wakulima tunaonunua kwao maturubai ya kuanikia, ili mahindi yasilale chini ya udongo. Yakaushwe mpaka unyevu usizidi asilimia 13 na nusu. Na kwa kupimia ukavu ipo njia isiyo na gharama: tia mahindi katika chupa kavu, tia chumvi iliyokaushwa vizuri, tikisa kwa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni maji na hayafai kuwekwa. Isipoganda, yamekauka kiasi cha kuwekwa, kwani chumvi huanza kuganda unyevu ukipita kama asilimia 15. Mpaka kufika 13 na nusu wayazidishie jua la siku mbili tatu. Chumvi yatoka huku kwetu Pemba, na chupa kila mtu anayo. Kisha wayachambue kwa mkono, watoe zilizotobolewa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi, na kabla ya kusaga yakobolewe, kwani sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini. Kijiti kije mwisho, kuthibitisha. Na hata kikithibitisha, ukaguzi wa Wakala wa Chakula na Dawa wa hapa Zanzibar upo pale pale. Chama hakina mamlaka ya kujipa cheti.

Narudi sasa kwa suali la karafuu, ambalo najua ndilo lililowafanya wengi wasome mpaka hapa. Jawabu ni kuwa vijiti nilivyoviona vimetengenezwa kwa ajili ya mahindi, na haifai kuvitumia kwa karafuu. Karafuu ina mafuta mengi na rangi kali, na vitu hivyo huivuruga kingamwili na kuuharibu utepe, hata kijiti kikatangaza sumu isiyokuwapo au kikaficha iliyopo. Karafuu inayotaka kupimwa kwa haki hupelekwa maabara. Na tumshukuru Mwenyezi Mungu kuwa yale mafuta yanayokiharibu kijiti ndiyo hayo hayo yanayolichukiza kuvu. Wataalamu wamekwisha ona kuwa eugenoli, iliyo harufu ya karafuu, hulizuia kuvu hilo kuota. Lakini mtu asije akafanya hiyo sababu ya kuanika ovyo. Karafuu iliyorundikwa mbichi usiku kucha ikachacha ikatoka mpeta haihitaji kijiti, kwani mnunuzi huiona kwa macho, na fedha hupungua pale pale mezani.

Wapo vijana wetu waliosoma khabari za ala mpya zaidi, nao wameniandikia wakitaka Chama kingoje hizo. Ni kweli zinakuja. Kuna polima zinazochongwa kwa kuiga sumu yenyewe. Mfano wake ni huu: didimiza karafuu moja katika udongo laini, acha udongo ukauke, kisha itoe. Litabaki shimo ambalo pilipili manga haliingii sawa, wala iliki, ila karafuu tu. Mjerumani Günter Wulff alianza kuchapisha kazi ya namna hiyo mwaka 1972. Polima ikigandishwa kuizunguka chembe ya sumu, au ya kitu kinachofanana nayo kwa kuwa sumu yenyewe ni ghali na ni khatari kuishika, chembe ikitolewa huacha mashimo yanayokamata sumu ya aina ile. Faida yake kwetu ni kubwa: kingamwili huharibika kwa joto, na kijiti kilichosahauliwa ndani ya lori juani hakiaminiki, lakini polima hustahamili. Kuna na polima zinazopitisha umeme, kinyume cha plastiki ya kawaida. Mwanzo wake ni maabara ya Japani mwaka 1967, ambako mtu alitia dawa mara elfu zaidi ya kipimo, ikatoka ngozi yenye kung'aa kama fedha. Shirakawa, MacDiarmid na Heeger wakaiendeleza jambo hilo, wakapata Nobeli ya Kemia mwaka 2000. Polima kama hizo zikigusana na kitu kigeni, umeme wake hubadilika, na mabadiliko hayo husomwa. Lakini ala nyingi za aina hizi mbili zingali maabarani, na shimo la udongo huweza kudanganywa na kitu kinachofanana na sumu kwa umbo. Wachumaji wetu watakula mwaka huu. Mimi sioni sababu ya kuwangojesha.

Neno moja jengine juu ya kupimwa karafuu na watu wa mbali. Mwaka 2025 wakaguzi wa chakula wa Marekani walikuta sesiamu 137, nayo ni sumu ya mionzi, katika karafuu zilizotoka Indonesia, baada ya jambo kama hilo kuonekana katika makontena ya kamba. Indonesia yavuna karafuu nyingi kuliko nchi yoyote. Katika bandari kubwa huwekwa milango ambayo ndani yake mna mbao nene za plastiki, nayo pia ni polima, zinazotoa mwanga hafifu zikipigwa na mionzi, na kontena likipita mlango hujua. Mkulima aliyeanika karafuu yake huko kijijini hakuijua sesiamu wala hakuiona. Sisemi haya kwa kufurahia msiba wa mwenzetu. Nasema kwa sababu wapo kati yetu wanaoamini kuwa kilichofichwa ndani ya gunia hubaki ndani ya gunia.

Mapendekezo ya Kamati yatakayoletwa mbele ya mkutano ni haya: Chama kinunue visanduku viwili vya vijiti kwa mahindi ya dago tu, mabambo mawili, mizani ndogo, na maturubai ya kuwakopesha wakulima wa Mazingara, yatakayolipwa kwa mahindi. Kimashine cha kusomea kisinunuliwe mwaka huu. Bei zitasomwa mkutanoni, kwani hubadilika, na hesabu ya kila kitu itabandikwa katika ubao wa ofisi. Mwanachama anayepinga aje apinge; ila namwomba aje na jawabu ya suali la yule mzee, kwani mimi bado naitafuta.

Twahitaji pia watu wawili watakaofuatana na karani wakati wa kununua, mmoja awe anajua kutumia bambo. Majina yaletwe kwa Katibu kabla ya mkutano, asubuhi ya siku yoyote isipokuwa Ijumaa.